Karate ya Wazee

Tulimzika Papa Muhindo mwezi uliopita, na siku ya mwisho ya matanga familia yake iliniomba niseme neno. Nilisimama mbele ya viti vya plastiki, chini ya turubai la bluu ambalo upepo wa ziwa ulikuwa ukilipigapiga, nikasema kwamba mtu huyu alinipa pumzi wakati mapafu yangu yalikuwa yamekataa kazi. Nikasema alitufundisha bila kudai kitu. Watu walitikisa vichwa. Kabla yangu padri alikuwa amesema kwamba marehemu, katika miaka yake yote, hakuwahi kumtia mtu taabuni, na sote tukaitikia, sauti yangu ikiwa miongoni mwa zile zilizosikika zaidi. Nilipoketi, mpwa wake aliniinamia akaniuliza: "Mama Masika, ni weye tu ulibakia katika wanafunzi wake wa zamani?" Nikamjibu ndiyo. Sasa ni wiki tatu jibu hilo linanisumbua. Walikuwepo wengine. Kulikuwa na Bahati. Niliyoyasema chini ya turubai yalikuwa kweli, ila ni ile nusu ya kweli inayofaa matanga. Nusu iliyobaki naiandika hapa, kwa kuwa mtu ambaye angeona haya pamoja nami hayupo tena.

Mwaka ninaousema ni ule ambao wakimbizi walivuka kutoka Rwanda wakaijaza Goma mpaka tukakosa pa kuweka mguu. Ulipoanza nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa natoka kwenye kifua kikuu. Dawa nilizimaliza zote, na masista wa dispansari waliniambia nimepona. Lakini nilikuwa nikitoka kitandani hadi jikoni ninashika ukuta mara mbili, na bidoni ya maji, hata ile ndogo ya lita tano, ilinishinda. Nilikaa kwa mama mudogo Katungu, mdogo wa mama yangu, katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili mtaani Mabanga, iliyokaa juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba zote za pale. Kuta za chumba changu alizifunika kwa magazeti ya Kifaransa ili upepo usipite kati ya mbao, na kwa kuwa nilishinda nimelala, nilisoma habari ileile ya mpira labda mara mia. Magazeti yaliziba upepo. Maneno hayakuyaziba. Asubuhi moja nilimsikia jirani akisema jikoni, huku akichambua maharagi pamoja na mama mudogo: "Huyu mutoto hatafika Noeli. Angalia shingo yake." Mama mudogo hakumkatalia. Alisema tu: "Sema polepole, mbao zinasikia." Nikageuza uso ukutani. Sikulia, maana kulia kulitaka pumzi. Nilianza kuhesabu miezi hadi Noeli.

Aliyenitoa katika chumba kile ni mama mudogo mwenyewe, na sababu yake ilikuwa unga. Alikuwa akipeleka mihogo mikavu kusagwa kwenye mulini, mashine ya kusaga iliyokuwa nyumba sita kutoka kwetu, na mwenye mulini alikuwa Papa Muhindo. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mjane, mfupi, mwenye mabega yaliyoteremka kama ya mtu aliyetua mzigo dakika hiyo. Alipokuwa kijana serikali ilimtuma China mwaka mmoja na nusu kujifunza kutengeneza mashine za kukoboa mpunga. Baridi ya huko ilimkamata kifua, akakohoa mpaka wakataka kumrudisha, na mlinzi wa mlango wa nyumba walimolala, muzee wa Kichina asiyejua neno la Kifaransa, akawa anamchukua kila alfajiri kwenda naye bustanini na kumfundisha kusimama, kupumua na kusogea polepole. Mashine alizojifunza hazikufika Zaire. Kilichofika ni yale mazoezi. Mtaani watu waliyaita karate ya wazee na kucheka, kwa sababu mjini vijana walikuwa na karate yao ya kuruka na kupiga kelele, na hii haikuwa na teke wala kelele. Mama mudogo alimweleza habari zangu, akarudi na debe lake la unga na kuniambia: "Kesho asubuhi utaenda. Muzee anasema hata kama utaenda unatambaa."

Nyuma ya mulini kulikuwa na uwanja mdogo ambao Papa Muhindo aliusawazisha kwa nyundo, jiwe kwa jiwe, mpaka ukawa tambarare kama meza. Tulikusanyika hapo kabla mashine haijawashwa, kwa sababu ikishawashwa vumbi la unga lingeniua. Tulikuwa watu wanane au tisa: wazee wawili wa magoti mabovu, mama mmoja muuza samaki wa soko la Kituku aliyeumwa mgongo, wengine waliokuja na kuacha. Siku ya kwanza niliuliza nitajifunza nini. "Kusimama," alisema. "Nasimama, papa." "Hapana, weye unaegemea. Hata pasipo ukuta, weye unaegemea." Akaniweka miguu upana wa mabega, akanilegeza magoti, akaniambia niinue mikono kama ninayekumbatia kitunga kikubwa cha mahindi, nisikibane wala nisikiangushe. Dakika mbili tu, mapaja yangu yakaanza kutetemeka na jasho likanitoka. Karate ya wazee! Kila siku aliongeza muda kidogo. Baadaye ndipo zikaja zile hatua zinazofuatana, ambazo majina yake ya Kichina aliyasahau karibu yote, akazipa mengine: kusukuma chikudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kupepeta unga, kurudisha ng'ombe. Ukizifanya zote kwa utaratibu wake, mtu angeweza kuchemsha maharagi yakaanza kulainika. Kijana mmoja alikuja wiki nzima akitaka kujua hatua gani ni ya kuvunja mkono wa mtu. Papa Muhindo alimwambia: "Hapa hatupigani. Mwenye kutaka kupigana, karate iko kule kwa uwanja wa mupira." Kijana hakurudi.

Bahati alikuwa mtu wa mulini. Asije akadhaniwa mtoto wa kazi: alikuwa na miaka ishirini na mitano, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Masisi, aliyekimbia mwaka uliotangulia, vita vya majirani vilipochoma shule yake. Lugha ya kwao ilikuwa Kinyarwanda, kama ilivyo kwa familia nyingi za huko zilizozaliwa Kongo na kuzikwa Kongo. Papa Muhindo alimpa kazi ya kuendesha mashine na pembe ya stoo ya kulala, na alfajiri alisimama nasi uwanjani akiwa na kofia ya sufu iliyokuwa nyeupe kwa unga. Tukimaliza, alichemsha chai ya tangawizi kwenye jiko la makaa, tukala viazi vitamu, na siku nzuri mama wa Kituku alileta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wamekaangwa, tukawala pamoja na vichwa vyao. Bahati alikuwa na tabia ya kusahihisha Kifaransa cha kila mtu, hata cha Papa Muhindo, kisha anaomba msamaha. Alipoona ninavyohangaika na maji, akawa anachukua bidoni yangu bila kuuliza, anatembea nami polepole hadi mlangoni kwa mama mudogo, akinihesabia hatua kwa Kifaransa kama mtoto wa darasa la kwanza. "Leo umetembea hatua mia mbili hujasimama," alisema siku moja. "Kesho tutaingia mia tatu, mademoiselle." Miezi minne baadaye nilibeba bidoni hiyo mwenyewe. Jirani wa Noeli aliniona napita nayo, akajifanya anafunga kamba ya mbuzi.

Kisha, katikati ya kiangazi, wakimbizi wakavuka. Wengine wameandika habari hizo vizuri kuliko mimi, na waliopoteza watu wao wanazijua bila kuandikiwa. Niseme tu nilichokiona kutoka nyumba sita za mtaa mmoja. Siku ya kwanza tulitoka kutazama. Siku ya pili hatukuweza kutoka, kwa sababu watu walikuwa wamekaa mpaka kwenye vizingiti. Walibeba magodoro, sufuria, milango ya nyumba zao. Miti yote ya mtaa ilikatwa kwa kuni, hata mparachichi wa mama mudogo, na yeye aliwatazama wakiukata akasema: "Muache. Watapikia nini?" Halafu maji ya ziwa yakaleta kipindupindu. Mawe ya Goma hayachimbiki kwa jembe, na kwa hiyo waliokufa walilazwa kando ya barabara, wamefungwa mikeka, wakisubiri. Uwanja wa nyuma ya mulini ulijaa wagonjwa. Papa Muhindo alizima mashine, akafungua geti, na sote tuliokuwa tukisimama pale alfajiri tukawa wa kuchemsha maji, kuchanganya chumvi na sukari, kuwanywesha watu kwa kijiko. Bahati alikwenda kutoka mkeka hadi mkeka akiwauliza kwa lugha yao majina yao na wapi wanaumwa, akiyaandika kwenye daftari la shule ili wakifa wasife bila jina. Aliwasaidia kwa lugha ya mama yake, na hapo ndipo majirani zetu, ambao walimzoea mwaka mzima, walipoanza kuisikia lugha hiyo mdomoni mwake. Nilimsikia mama mmoja akisema nje ya chumba changu: "Kumbe naye ni mumoja wao."

Papa Muhindo hakuacha kutusimamisha. Kila alfajiri, kwenye kipande cha njia kilichobaki kati ya ukuta wa mulini na mikeka, alituweka mstari mmoja. Mimi niliona haya. Mbele yetu alikuwa amelala mama ambaye mtoto wake alikuwa amechukuliwa jioni iliyopita, akitutazama tunavyoinua mikono, na sijui alitufikiria nini. Nikaishusha mikono yangu. "Papa, tutasimama aje hapa na watu wanakufa?" Hakufungua macho. "Jana ulibeba bidoni ngapi kutoka kwa lori la maji?" "Sita." "Mwezi wa kwanza ulibeba ngapi?" "Hata moja." "Basi simama." Nikasimama. Katika miaka yote iliyofuata sijapata jibu bora kwa swali lile, ingawa nimelitafuta.

Kipindupindu kilipopungua na wakimbizi kupelekwa kwenye kambi za upande wa volkano, uwanja ukawa wetu tena, tukaumwagia chokaa mara tatu. Lakini mji ulikuwa umeharibika namna nyingine. Bunduki zilikuwa kila mahali. Wanajeshi wetu hawakulipwa, na walikula kwa kutisha watu. Kila kundi la watu watano lilitiliwa shaka. Mtu fulani, sikujua nani na sasa sitaki kujua, alikwenda kusema kwamba nyuma ya mulini wa Muhindo watu wanafanyishwa mazoezi ya vita kabla jua halijatoka. Walikuja siku ya Jumanne. Mimi nilikuwa nimechelewa. Nilifika nikakuta geti limelazwa chini na chai imemwagika juu ya makaa, bado inatoa mvuke. Mama wa Kituku alikuwa amekaa juu ya jiwe anashika kiuno. "Wamemubeba muzee," alisema. "Wamemupiga hapa hapa, kwa magoti, na kitako cha bunduki." Bahati alikuwa ameondoka alfajiri ile kwenda kutafuta mafuta ya mashine, hivyo hawakumkuta.

Mama mudogo alivaa kitenge chake cha kanisani tukaenda wote wawili kambini kwa wanajeshi. Tulikaa nje juu ya tofali mpaka saa tano. Hatimaye walituingiza kwenye chumba chenye meza, redio kubwa na kalenda ya kampuni ya bia, na nyuma ya meza alikaa komanda, mtu mnene mwenye sauti laini, aliyekuwa akimenya yai la kuchemsha. Papa Muhindo hakuwepo chumbani. Mama mudogo alieleza habari za China, za kifua changu, za dispansari. Komanda alinitazama. "Lakisa," alisema kwa Kilingala, halafu kwa Kiswahili: "Onyesha." Sikuelewa. "Hiyo dawa ya kifua. Onyesha hapa." Wanajeshi watatu mlangoni walianza kucheka hata kabla sijaanza. Nikavua ndara zangu, nikasimama juu ya sakafu ya simenti, nikalegeza magoti. Nilianza kusukuma chikudu. Walipiga makofi, mmoja akaniiga kwa kutikisa makalio. Nilipofika kwenye kupepeta unga, kicheko kilikuwa kimechoka. Nilipofika kwenye kurudisha ng'ombe, chumba kilikuwa kimya, na nilisikia redio ikikoroma na pumzi yangu ikiingia na kutoka, ndefu, haikukatika hata mara moja. Nilifanya zote mpaka ya mwisho. Sijawahi kuzifanya vizuri namna ile tena. Nakumbuka kwamba nilijivuna, na hilo ndilo jambo ninaloona vigumu kujisamehe, kwa sababu nilikuwa bado katika kujivuna huko aliponiuliza swali.

"Hii si vita," komanda alisema, akitia chumvi kwenye yai. "Hii ni ya wagonjwa. Muzee wenu atarudi nyumbani. Lakini nilituma askari wangu kule, wakarudi na mutu mumoja muzee, wakubwa watanicheka. Kati yenu pale, nani anasema Kinyarwanda?" Mama mudogo alinikanyaga mguu. Nilijua anamaanisha ninyamaze. Nilimfikiria Papa Muhindo na magoti yake. Nilijiambia kwamba hili si siri, mtaa mzima unamsikia akiongea, kwamba watamwuliza maswali mawili na kumwachia. Nilijiambia mengi, na yote yaliingia katika muda wa pumzi moja. "Bahati," nikasema. "Anafanya kazi kwa mulini. Atarudi saa sita." Komanda aliandika. Akasema merci. Mama mudogo hakunitazama njia nzima, na tulipofika nyumbani alinipakulia bugali na mboga ya lengalenga, akaniwekea sahani mbele, akasema kwa sauti ya chini sana: "Kula. Hatutalisema hili kwa mutu." Nilikula. Saa nane Papa Muhindo aliletwa juu ya chikudu, akisukumwa na jirani, magoti yamevimba kama maboga. Saa sita na nusu walikuwa wamemchukua Bahati mbele ya mulini, akiwa na kidumu cha mafuta mkononi.

Wiki zilizofuata nilitembea na Papa Muhindo kumtafuta. Magoti yake hayakumruhusu kwenda peke yake, na mimi, ambaye mwaka huohuo sikuweza kufika jikoni, nilikuwa mkongojo wake. Kambini walisema hayupo, amehamishwa. Gerezani walisema hawana jina hilo. Tulikwenda Kanyaruchinya, tulikwenda kambi za wakimbizi, tukauliza waliokuwa na orodha. Mtu mmoja akatuambia kwamba wanajeshi waliopanda na mizigo kuelekea kaskazini walikuwa na wabebaji waliofungwa kamba viunoni, na mmoja alikuwa na kofia ya sufu. Tukapanda lori la ndizi hadi mji wa Kiwanja, siku mbili kwenda na kurudi, tukauliza sokoni, kwa wauza mahindi, kwa vijana wa pikipiki, kanisani. Hakuna aliyemwona. Kila mahali Papa Muhindo alitamka maneno yaleyale: mwalimu, mrefu kidogo, anasahihisha Kifaransa cha watu. Nami nilisimama pembeni yake nikitikisa kichwa kuthibitisha.

Wakati wa kurudi lori liliharibika njiani, tukakaa kando ya barabara juu ya jiwe, tukala mahindi ya kuchoma. Sikuweza tena. Nilimwambia yote: yai, kalenda, swali, jibu. Nilimwambia mama mudogo alinikanyaga mguu na bado nikasema. Nilitegemea anipige, au alie, au aseme kwamba hakuna namna. Aliendelea kutafuna mpaka punje zote za gunzi zikaisha. Alilitazama gunzi. "Twende ndani ya lori," alisema, "mvua inakuja." Hakusema neno lingine mpaka Goma, wala kesho yake, na wiki nzima iliyofuata alinisalimu kama kawaida na kusimama karibu nami kama kawaida. Kimya kile nilikiona kuwa hukumu. Niliona ananidharau kupita kiasi cha kusema. Nilikonda tena. Kikohozi kilirudi, kile kikavu cha asubuhi, na jirani akaanza tena kuniangalia shingo.

Bahati alirudi mwanzoni mwa mvua kubwa. Ilikuwa mchana, mashine imezimwa, na mimi nilikuwa nimempelekea Papa Muhindo chakula. Mtu aliingia getini akiwa amevaa koti la kijeshi lililochanika, bila kofia, nywele zimenyonyoka upande mmoja alikokuwa anaegemeza mizigo kichwani. Mkono wake wa kushoto vidole viwili havikukunjika. Alitusalimu, akaenda stoo, akatoka na mfuko wake wa nguo na lile daftari la majina. Papa Muhindo alikuwa amesimama, anashika mlango. Mimi nilimwendea. Nilikuwa nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, nikayasema yote kwa mara moja, nisije nikakosa pumzi: "Bahati, ni mimi nilitaja jina yako kwa komanda. Ni mimi."

Alinitazama, si kwa hasira, kama mwalimu anayetafuta mahali pa kosa katika sentensi. "Najua," alisema. "Komanda alinicheka, akaniambia binti wa kifua amenitaja. Lakini jina yangu alikuwa nayo tayari, hakujua tu niko wapi: askari walikuja kunitafuta kwa mama yangu, kule Sake njia ya Masisi, saa nne asubuhi siku ile. Mama mwenyewe aliniambia, nimepita kwake jana. Walimuita yeye kwa jina yake. Saa nne, Masika, weye ulikuwa bado unakaa inje juu ya tofali, askari wa mlangoni walinisimulia." Akaweka mfuko chini. "Na jina ya mama yangu weye huijui. Hapa Goma kuna mutu mumoja tu anaijua."

Sikugeuka mara moja. Nilisikia nyuma yangu mlango wa stoo ukilia kwa uzito wa mtu anayeuegemea. Papa Muhindo alisema: "Walikuwa wananipiga kwa magoti." Alikuwa mtu aliyenifundisha nisiegemee hata pasipo ukuta, na sasa aliteremka polepole mlangoni pale mpaka akakaa chini kwenye unga. Wiki zile zote, Kanyaruchinya, Kiwanja, jiwe la kando ya barabara, alijua kwamba alikuwa amelitaja jina lile kabla yangu, na aliniacha nibebe peke yangu. Nilitaka kumpigia kelele. Kikohozi kilinishika, nikainama, na aliyenishika bega nisianguke alikuwa Bahati.

Chakula nilichokuwa nimeleta kilikuwa bado kwenye meza, bugali na sambaza kwenye mchuzi wa nyanya. Bahati alikitazama kwa namna ambayo sikuweza kuvumilia. Nikamnawisha mikono. Nikamwinua Papa Muhindo, nikamnawisha na yeye, tukala watatu kwenye sahani moja. Bahati alikula upesi, kwa mkono wa kulia, mpaka akaifuta sahani kwa kidole. Kisha alinawa, akachukua mfuko wake. "Asante kwa chakula," alisema. Alitushukuru kwa chakula tu. Alitoka getini akashika njia ya mpaka, na siku ileile alivuka. Miaka ilipita ndipo nikasikia kwamba anafundisha shule upande wa pili, na kwamba ana watoto. Sijawahi kumwandikia. Yeye pia hajawahi kuniandikia.

Sikwenda uwanjani kwa zaidi ya mwezi. Nilikuwa na hasira na Papa Muhindo kuliko niliyokuwa nayo kwa komanda, kuliko hata niliyokuwa nayo juu yangu mwenyewe, na mama mudogo, aliyekuwa amesikia yote, maana mtaani mwetu mbao zote zinasikia, hakunilazimisha. Kifua kilizidi kunibana. Lakini sikurudi kwa ajili ya kifua. Siku hizo nilikuwa nimegundua kwamba mtaani ninazungumza na kila mtu kwa uangalifu, napima neno, nachagua uso wa kuvaa, na kwamba kazi hiyo inachosha kuliko bidoni sita. Asubuhi moja nikaamka, nikavaa, nikaenda. Wengine wote walikuwa wameacha, kwa woga. Papa Muhindo alikuwa peke yake uwanjani, magoti yake hayakuweza tena kukunjika sawasawa, mikono ameiinua. Hakuniambia karibu. Nami sikumsalimu. Nilivua ndara, nikasimama kando yake, nikalegeza magoti, nikaanza kupumua. Nilisimama naye hivyo miaka minane, mpaka nilipoolewa nikahama mtaa, na jambo lile hatukulitaja tena hata mara moja. Katika Goma nzima alikuwa mtu mmoja tu ambaye sikuwa na cha kumficha, na mimi nilikuwa hivyo kwake.